Mikono ya Mama Vifungo

"Lete mkono," Meneja alisema.

Mama Vifungo alidhani anataka kumpa kitu. Akavua glavu, akanyoosha mkono wa kulia. Meneja aliushika kwa vidole viwili, akauinua hadi puani, akaunusa. Alinusa kiganja, akageuza akanusa mgongo wa mkono, kisha akatanua vidole na kunusa katikati yake. Karakana nzima iliacha kazi ikatazama. Mwanamke mtu mzima, mke wa mtu, mama wa binti aliyemaliza shule, ananuswa mbele za watu kama samaki wa juzi.

"Mafuta," Meneja alisema, akitoa leso na kujipangusa pua. "Wewe mama unajipaka mafuta."

"Nyumbani, bosi. Nikishaoga, kabla ya kulala. Mikono inapasuka kwa zile dawa za kuoshea. Lakini hapa sijawahi, na glavu sivui."

"Sijakuuliza wapi. Unajipaka au hujipaki?"

"Najipaka."

"Mmesikia wenyewe," Meneja aliwaambia watu, akamwachia mkono kama anayeutupa.

Miongoni mwa waliosikia alikuwamo mumewe. Huyu aliitwa Fundi Tanuri, kwa sababu tanuri la karakana lilikuwa mikononi mwake, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulifungua. Alikuwa amesimama palepale na kikombe chake cha chai. Aliinamia saa ya kupimia hewa ya tanuri, akaitazama kwa umakini mkubwa, na saa yenyewe ilikuwa imezimwa.

Karakana ile ilikuwa nyuma ya ghala la vigae, na kazi yake ilikuwa kutengeneza vifungo. Si vifungo vya shati. Ni vijidude vya chuma, kila kimoja kinakaa kwenye ncha ya kidole, vinavyofungwa kwenye ukuta wa bomba refu la wanasayansi. Humo bombani wanasayansi wanakimbiza chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, kwa kasi ya kutisha, na bomba linanyonywa hewa yote ili chembe zisigonge kitu njiani. Kazi ya kifungo ni kuchungulia tu. Chembe zinapita katikati, au zimeanza kwenda upande? Zikienda upande bila mtu kujua, zinatoboa mtambo.

Kifungo kina chuma katikati na kauri nyeupe pembeni, ndugu wa ile ya vikombe vya chai ila ngumu zaidi. Chuma na kauri havipendani. Ili vishikane, unaweka kati yao kipete cha waya wa fedha, unapanga kila kitu kwenye sinia, unaingiza kwenye tanuri lisilo na hewa, na fedha ikiyeyuka inatambaa yenyewe mpaka inaziba kila upenyo. Huko ndiko kulehemu kwao. Lakini fedha ina madeko. Ikikuta jasho la kidole au mafuta ya nywele, inagoma kutambaa, inajikunja matonematone. Kifungo kinatoka kizuri machoni, kumbe kinavuja. Kwa hiyo Mama Vifungo, aliyeviosha na kuvipanga, alikuwa anavishika kwa kibano na glavu, anapumua kwa barakoa, na wenzake walikuwa wanamtania kwamba hata mwanawe hakumuogesha kwa adabu kiasi hicho.

Sasa vifungo vilikuwa vinavuja, sinia baada ya sinia. Mpimaji, waliyemwita Pumzi, alikuwa anakipulizia kila kimoja ile gesi ya kujazia maputo, na gesi ikipenya mashine yake inalia. Siku hizo ilikuwa inalia kutwa. Vifungo vilikuwa vinatoka na ukungu wa kijivu juu ya kauri, na wanasayansi wenye mtambo walikuwa wamesema watamleta mkaguzi wao. Asipopewa sababu inayoeleweka, mkataba unakatwa, na bila mkataba ule karakana haikuwa na kazi nyingine ya maana.

Meneja alikuwa anahitaji sababu. Akaipata kwenye mikono ya mwanamke.

*

Kesho yake pakawekwa beseni mlangoni. Amri ilikuwa kwamba Mama Vifungo asugue mikono kwa spiriti na brashi kabla ya kuingia, na wengine wote wasubiri nyuma yake mpaka amalize, wamwone. Basi kila asubuhi foleni inasimama, na yeye ameinama mbele yao anasugua.

"Mama, usisahau na kwapa!" mmoja alipiga kelele kutoka nyuma.

Watu wakacheka. Fundi Tanuri naye alikuwamo kwenye foleni. Alicheka kidogo, kicheko kile cha mtu asiyetaka kubaki peke yake. Mkewe alikisikia. Unaishi na mtu miaka yote hiyo, kicheko chake utakijua hata sokoni.

Spiriti ikiingia kwenye mpasuko wa ngozi, unaisikia mpaka kwenye meno. Mama Vifungo alijikaza. Kopo lake la mafuta ya mgando alikuwa ameshalitupa jalalani siku ileile ya kunuswa, na tangu hapo mikono ilizidi kuchanika. Vyombo nyumbani vikawa vinaoshwa na binti yao, ambaye walimwita Toto tangu azaliwe na hawakuacha hata alipompita baba yake kimo.

"Mwanangu alihangaika kukuombea kazi pale," mama mkwe alimwambia jioni moja, yuko kwenye kochi na miguu yake juu ya kigoda. Alikuwa anaishi nao, na kila jambo la nyumba ile alilipima kwa mwanawe tu. "Leo karakana inataka kufungwa kwa ajili ya urembo wako."

"Urembo gani mama? Mikono inatoka damu."

"Sisi tulilima, tukafua, tukachota maji. Nani alikuwa na mafuta ya mikono?"

Mama Vifungo alimgeukia mumewe aliyekuwa mezani. "Baba Toto, wewe ndiye unayefungua tanuri. Nimetupa mafuta, nasugua kila siku, na bado vinavuja. Kweli unaona ni mikono yangu?"

Fundi Tanuri alitafuna kwanza akamaliza. "Inawezekana," alisema.

"Inawezekana?"

"Fedha ina madeko, unaijua mwenyewe. Labda mafuta yameingia ndani ya ngozi. Yanatoka polepole."

Akaliamini. Ndiyo, aliliamini jibu hilo, kwa sababu lilitoka kinywani mwa mumewe, na kwa sababu mtu akiambiwa kila asubuhi kwamba ni mchafu hufika mahali akajinusa mwenyewe. Akaanza kulala na mikono nje ya shuka. Akimpa Toto kikombe, anakishikia kwenye kitambaa. Na yule bwana anaona yote hayo, anaomba aongezewe mchuzi.

*

Katikati ya balaa hilo Meneja alihamia kwenye nyumba yake mpya, akawaita wafanyakazi wote wakaione. Huo ulikuwa mwaliko wa namna ya amri. Walikwenda na nguo zao za kutokea, wakavua viatu mlangoni, wakapitishwa chumba kwa chumba.

"Shikeni ukuta," Meneja aliwahimiza. "Shikeni tu, msiogope. Laini, sivyo?"

Wakashika ukuta, watu wazima. Pumzi akasema hajawahi kushika ukuta laini kama huo. Fundi Tanuri akasema fundi aliyepaka lipu ile alikuwa na mkono wa baraka. Wote walijikomba, kila mtu kwa zamu yake.

Mke wa Meneja aliwachukua wanawake akawapeleka kwenye choo cha wageni. "Njooni muone mabata yangu."

Juu ya sinki palikuwa na mabomba mawili, la maji ya moto na la baridi, yametengenezwa kwa umbo la bata maji, shingo ndefu na mdomo wa kutolea maji. Yalikuwa ya shaba ya manjano, yanang'aa. Wanawake wakaachama.

"Hili moja lilivunjika shingo wakati wa kulifunga," mke wa Meneja alieleza. "Nililia, jamani. Yanauzwa mawili mawili, ukipoteza moja umekwisha. Lakini baba watoto alilipeleka kazini, mumeo huyu akaliunga." Alimgusa Mama Vifungo begani. "Hata alama ya moto hakuna. Ila limegeuka rangi kidogo, limekuwa jekundu. Nalisugua, wapi."

Mama Vifungo alitazama. Bata moja lilikuwa la manjano. La pili lilikuwa jekundu la shaba tupu, na chini ya ule mng'ao ngozi yake ilikuwa na vipele vipele.

Kitu cha kwanza unachofundishwa kwenye karakana ile, kabla hata hujaonyeshwa choo kiko wapi, ni hiki: shaba ya manjano ni shaba iliyochanganywa na zinki. Ukiiingiza kwenye tanuri lisilo na hewa, zinki inatoka kama moshi, inaganda kwenye kuta za tanuri, inakaa. Shaba inayobaki inakuwa nyekundu. Na tanuri likiwashwa tena kwa kazi nyingine, ile zinki inashuka juu ya chochote kilichomo ndani, ukungu wa kijivu, na fedha ikiukuta inagoma. Ndiyo maana mlango wa tanuri umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi za upana wa kiganja, SHABA YA MANJANO MARUFUKU. Herufi hizo alizichora Fundi Tanuri kwa mkono wake.

Alishika ukingo wa sinki akafumba macho.

"Nawa, mama," mke wa Meneja alimwambia, akamfungulia lile bata jekundu. "Nawa tu, usiogope. Nasikia wewe ndiye bingwa wa kunawa."

Wanawake wakacheka. Mama Vifungo akatoka bila kunawa.

*

Walirudi kwa miguu. Fundi Tanuri alikuwa amebeba kipande cha keki ya Meneja kwenye karatasi laini, kwa ajili ya mama yake.

"Bata uliliunga lini?" mkewe alimuuliza.

Hakuuliza bata gani. Alitembea hatua kadhaa, halafu akasema, "Nani kakwambia?"

"Nimeliona. Limekuwa jekundu."

"Punguza sauti, tuko barabarani."

"Ulilitia kwenye tanuri. Wewe. Lini?"

"Bosi aliniomba. Alitaka liungwe pasionekane doa la moto. Nikamwambia, bosi, hii ni ya manjano. Akasema mara moja tu, itafanya nini? Ungekuwa wewe ungemkatalia?"

"Kwa hiyo anajua."

"Anajua, na hataki kujua."

"Alipokuwa ananinusa, alikuwa anajua?"

"Mama Toto..."

"Na wewe umesimama pale na kikombe chako, unajua."

Fundi Tanuri aliihamishia keki mkono wa pili. Halafu, tobaa, akaanza kumpangia. Alisema kwa upole, sauti ya mtu anayemweleza mtoto. Mkaguzi anakuja Jumatatu. Ataulizia. Yeye mkewe aseme tu kwamba alijisahau, akavishika vifungo bila glavu. Mkaguzi ataridhika, kosa la mtu ni kosa linaloeleweka, mtu anaondolewa na kazi inaendelea. Mkataba unabaki. Na yeye mumewe, Meneja ameshamwahidi kwamba mambo yakitulia atampa usimamizi wa karakana.

"Mtu anaondolewa," mkewe alirudia. "Mtu ni mimi."

"Mwanamke akiacha kazi nani anauliza? Watasema kapumzika, anatunza nyumba. Mimi nikitoka kwa kosa la tanuri, hakuna karakana itakayonipokea. Nitakula wapi?"

"Na mimi atanipokea nani, mwanamke niliyefukuzwa kwa uchafu?"

"Wewe una mimi," alisema.

Alisema hivyo ameikumbatia keki ya Meneja kifuani isipondeke. Mkewe alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu waoane alisikia kinyaa naye, kinyaa kabisa, kile cha kuokota unywele kwenye chakula.

"Nimesugua mikono mpaka imetoka damu, unaniangalia."

"Nilikuwa naumia, mke wangu."

"Ulikuwa unakula."

Nyumbani aliyamwaga yote mbele ya mama mkwe na Toto. Hakuacha hata rangi ya bata. Mama mkwe alimsikiliza huku anaramba sukari ya keki kwenye vidole, kisha akamgeukia mwanawe.

"Ni kweli hayo?"

"Mama, mtu akibanwa hutafuta pa kutupia lawama," Fundi Tanuri alijibu, na kwenda kuoga.

"Umesikia," mama mkwe alimwambia mkaza mwanawe. "Omba radhi Jumatatu yaishe. Mwanangu simjui kwa uongo."

Toto alikwenda kuokota vyombo, lakini alimtazama baba yake alivyopita na taulo begani.

*

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mwenye viatu vya chini na macho ya mtu aliyelala vibaya. Alikuwa na ndege ya kuwahi. Walimkalisha ofisini kwa Meneja, kiti kizuri, feni imeelekezwa kwake, na Mama Vifungo, Fundi Tanuri na Pumzi wakasimama mbele ya meza.

"Mama huyu ndiye anayeosha," Meneja alisema. "Tumezungumza naye, anataka kukueleza mwenyewe kilichotokea. Mama, usiogope."

Mama Vifungo alikuwa amekunja mikono nyuma. Akaitoa mbele. "Vifungo nilivishika kwa glavu, siku zote. Kilichotokea ni kwamba tanuri liliingizwa shaba ya manjano. Lilikuwa bata la bomba la Meneja, la chooni kwake."

Meneja akacheka. "Bata?" alisema. "La chooni?" Akacheka mpaka akashika tumbo, na Pumzi akacheka, na mkaguzi mwenyewe akajikuta anatabasamu. Hebu fikiria: ukweli wote wa yule mama, kazi yake na jina lake, umesimama juu ya bata la chooni. Hata wewe ungecheka. Meneja aliliona hilo upesi, akazidisha kicheko.

Mkaguzi alijirudi. "Fundi wa tanuri ni nani?"

"Mimi."

"Kuna ukweli hapo?"

Fundi Tanuri alishusha macho, akashusha na sauti. "Samahani sana. Mama huyu ni mke wangu. Tuna matatizo ya nyumbani kidogo. Sikupenda yafike hapa."

Mkaguzi alibadilika uso palepale. Aliona aibu, si kwa ajili ya yule mwanaume, bali kwa ajili ya mwanamke. Alimtazama kwa huruma ile mbaya, ya kumtazama mtu aliyevaa nguo nyuma mbele.

"Liwasheni tanuri tupu," Mama Vifungo alisema. "Wekeni humo kipande kimoja kisafi, mliwashe, mtaona kitakavyotoka. Mbona ni jambo dogo?"

"Tanuri limefunguliwa kwa matengenezo," Meneja alidakia. "Haliwaki leo."

Mkaguzi alitupa jicho kwenye saa yake ya mkononi. "Mpimaji, wewe una maoni gani?"

Pumzi alikuwa ameuona ukungu wa kijivu kwenye kila kifungo. Alijua kwamba mafuta ya mgando hayaachi ukungu wa namna ile, yanaacha doa jeusi. Alivitazama viatu vyake. "Mimi napima kinachovuja," alijibu. "Kwa nini kinavuja, hiyo si idara yangu."

"Basi," mkaguzi alisema, akifunga mkoba. "Mambo ya ndoa za watu mimi siingii. Mwondoeni kwenye vifungo, mtuletee sinia jipya tulipime."

Ikawa hivyo. Mama Vifungo alivua koti jeupe, akalikunja, akaliweka kwenye kiti. Getini mlinzi alimwaga mkoba wake wote juu ya meza kutafuta kama ameiba waya wa fedha. Akaipekua kanga, akafungua hata kile kitambaa chake cha mwezi kilichofungwa vizuri kwenye mfuko, akakigeuza huku na huku. "Ni utaratibu tu, mama," alimwambia.

*

Mwisho wa wiki ile Fundi Tanuri alibaki karakana peke yake. Aliliwasha tanuri tupu, akalipandisha moto kupita kiasi cha kawaida, akaliacha linyonye na kutema, linyonye na kutema, mpaka zinki yote ikatoka kwenye kuta. Akafuta. Akafunga. Hakumwambia mtu, na Meneja hakumuuliza alikuwa anafanya nini pale siku ya mapumziko.

Sinia lililofuata likapita. Mashine ya Pumzi haikulia hata mara moja. Meneja alipiga makofi katikati ya karakana akatangaza, "Mnaona wenyewe! Uchafu umetoka, vifungo vimepona."

Ndivyo ilivyothibitishwa kwamba yule mama ni mchafu. Uthibitisho gani tena unautaka? Ameondoka, vimepona. Habari hiyo haikukaa karakana. Aliomba kazi kwenye kiwanda cha kujaza dawa kwenye chupa, wakampigia simu Meneja, kisha wakamwambia yeye nafasi zimejaa. Akaomba kufua mashuka kwenye zahanati, huko nako walikuwa wameshasikia. Hata dukani, muuza nyanya alimwambia, "Mama, wewe onyesha tu kwa kidole, nitakuokotea," na kumchekea kana kwamba amemfanyia hisani.

Fundi Tanuri akapewa usimamizi. Akanunua shati jipya. Jumapili akamkaribisha Pumzi chakula cha mchana nyumbani, washerehekee, akamwomba mkewe apike wali na nyama. Na mkewe alipika. Msiniulize kwa nini. Nyumba ina watu, watu wanakula, na alikuwa hajajua bado afanye nini na kinyaa chake.

Walikuwa mezani, mama mkwe, Pumzi, Toto na mwenye shati. Mama Toto alikuwa amesimama na jagi la maji.

"Nina neno moja zuri limebaki," Fundi Tanuri alisema, akijifuta mdomo. "Toto, Meneja amekubali. Kesho unaanza kazi. Nafasi ya kuosha vifungo iko wazi, nimekuombea."

Mama mkwe alipiga makofi. "Mungu mkubwa! Umeona baba anavyofaa?"

"Nafasi ya mama?" Toto aliuliza.

"Nafasi ya karakana, mwanangu. Kazi ya kukaa, kuna kiyoyozi. Wenzako wanaililia."

Toto aliweka kijiko. "Na siku vikianza kuvuja tena, baba, watanusa mikono ya nani? Si yangu?"

"Havivuji tena."

"Utajuaje? Mama naye alikuwa anavaa glavu."

"Nakwambia havivuji!" Fundi Tanuri alisema, na alisema kwa mapenzi ya kweli, maana alimpenda binti yake. "Tanuri nimelichoma mwenyewe mpaka zinki yote imetoka. Siwezi kukuweka wewe pale kama lina..."

Akanyamaza. Alikuwa amechelewa.

Kijiko cha Pumzi kilisimama hewani. Mama mkwe alimwangalia mwanawe, akamwangalia mkaza mwanawe, akarudi kwa mwanawe. Zinki hakuijua, lakini hakuwa mjinga.

"Hiyo ndiyo aliyoisema mkeo siku ile?" aliuliza. "Ya lile bata?"

Fundi Tanuri aliutazama wali wake.

Hapo palikuwa na nafasi. Neno moja tu lingetosha, la yeyote kati ya wale watatu. Mama Toto alisimama na jagi akingoja, na alingoja kwa moyo wote, sitawaficha. Angelipokea hata neno dogo.

Mama mkwe alishusha pumzi. "Haya, yameshapita," alisema. "Kula, mwanangu, chakula kinapoa."

Na Pumzi akanyoosha sahani yake. "Shemeji, wali huu umejua kuupika. Niongeze kidogo, na ile nyama ya mfupa."

Mama Toto aliweka jagi chini. Alichukua sahani mkononi mwa Pumzi, akaimwaga yote kwenye ndoo ya makombo. Akarudi, akachukua ya mumewe, akaimwaga. Alipofika kwa mama mkwe mkono ulisita, kwa sababu ya mazoea ya heshima. Toto aliinuka.

"Samahani, Bibi," alisema, akaibeba sahani ya bibi yake na kuimwaga juu ya nyingine. Kisha akaimwaga na ya kwake.

"Mmeingiwa na nini?" mama mkwe alipiga kelele.

"Nendeni mkale kwa Meneja," Mama Toto alisema. "Wote. Na wewe mama, mfuate mwanao. Kodi ya nyumba hii nililipa mimi kabla sijafukuzwa, na muda wake haujaisha."

Fundi Tanuri alisimama, ana punje za wali kwenye shati lake jipya, akamtazama Pumzi, akamtazama mkewe.

"Mama Toto," alisema chini kwa chini, "jamani, mbele ya mgeni?"

"Hasa mbele ya mgeni," mkewe alijibu, akaenda kuwafungulia mlango.